Kinamasi cha Shimo la Saba

Nchi hii haitatajwa jina, kwa kuwa haipo. Msomaji atakayeanza kuhisi kwamba mawaziri wake amewahi kuwasikia redioni, au kwamba mashimo ya barabara zake amewahi kuyatumbukia, ajue kuwa hiyo ni homa tu, akapimwe.

Katika nchi hii ambayo haipo kulikuwa na kiwanja cha gofu ambacho kilikuwepo sana. Kilianzia ukuta wa Ikulu kikatambaa mpaka miguuni mwa vilima, na nyasi zake zilikatwa kila siku na askari wa Kikosi Maalumu cha Mashine za Nyasi, waliokuwa na wimbo wao na bendera yao. Vitabu vya shule vilifundisha kwamba kabla ya kiwanja bonde lile lilikuwa tupu. Si kwamba lilikuwa na watu wachache, wala si kwamba watu walihama kwa hiari. Lilikuwa tupu, na ilikuwepo Sheria ya Utupu wa Bonde iliyolieleza jambo hilo kwa vifungu na viambatisho, maana utupu wa kawaida hauhitaji sheria, lakini ule ulihitaji.

Msimamizi wa nyasi wa kiwanja aliitwa Bi Perpetua Lugome, mwanamke wa makamo, mpole, asiyependa kuongea wakati wa chai. Yeye alizaliwa hapo hapo patupu.

Alizaliwa katika kijiji cha Mwelela, kando ya kijito cha jina hilo hilo, akaitwa Chausiku. Mama yake, Siwema, alisuka mikeka kwa mafunjo ya kinamasi na kulima magimbi kwenye tope. Binti alipokua kidogo alipelekwa kwa shangazi yake mlimani ili asome, na kabla muhula haujaisha magari ya serikali yaliteremka bondeni na amri ya kuhama. Siku hiyo Siwema alikuwa kitandani, ana homa. Kuna waliosema walimwacha ndani ya nyumba. Kuna waliosema walimwona amebebwa. Wengine waliulizwa wakageuza uso. Halafu serikali ikazika mabomba ardhini, ikayakausha maji, ikapanda nyasi.

Tangu hapo Chausiku alikuwa na swali moja tu duniani: mama alilala wapi? Matanga hakukaa, kwa sababu kumlilia mtu wa mahali patupu kulikuwa uchochezi. Alijiita Perpetua, akachukua jina la ukoo wa mume wa shangazi, akasomea mambo ya nyasi, akaomba kazi pale pale. Miaka yote alitembea juu ya kiwanja huku anatazama chini, na wakubwa walimsifu kwa jinsi alivyoipenda kazi yake.

*

Msiba wa taifa ulianza Mtukufu, mwenye Ikulu ile, alipoalikwa na rais wa nchi jirani kucheza gofu kwake. Huko alioneshwa kinamasi katikati ya kiwanja, chenye matete na bata wa mwituni, na kijito ambacho kingo zake ziliachwa ziote vichaka bila kuguswa na mashine. Ukutani kulikuwa na cheti kutoka shirika moja la ng'ambo, kimewekewa fremu. Mtukufu alirudi nyumbani hana raha. Aliitisha baraza la mawaziri.

"Yule ana bata," aliwaambia.

Mawaziri waliinamisha vichwa kwa uchungu.

"Bata wa mwituni. Wamekuja wenyewe, hawakusombwa na malori. Mimi nina nini?"

"Una sisi, Mtukufu," alisema Waziri wa Kilimo, na hakuonekana tena vikaoni.

Siku hiyo hiyo ikaundwa Wizara ya Maji Yaliyotulia, akakabidhiwa Mheshimiwa Domisiani Kumbuti, mtu mwenye uzoefu mkubwa wa bonde lile, kwani ujanani alipokuwa mkuu wa wilaya ndiye aliyesimamia kuhamishwa kwa watu ambao hawakuwepo. Alizindua mradi kwenye shimo la saba, mahali kijito kilipokuwa kikipita ndani ya bomba kwa aibu.

"Ndugu zangu," alinguruma, "zamani adui wa maendeleo alikuwa maji, na kwa busara kubwa tuliyafukuza. Leo, kwa busara ile ile, Mtukufu ameyasamehe! Maji yanaruhusiwa kurudi. Ila yarudi kwa utaratibu, yarudi kwa foleni, na yasisogee shimo la nane bila kibali cha ofisi yangu!"

Vigelegele vikapigwa na wale waliopangiwa kuvipiga.

Kazi yenyewe haikuwa rahisi. Kikosi cha Mashine za Nyasi kilipelekwa hoteli moja ya ziwani kwa semina ya wiki nzima ya kutokata nyasi, na mtihani wa vitendo ulikuwa kusimama mikono nyuma huku nyasi zinaota. Askari wawili walishindwa, wakarudishwa jeshini. Vyura waliagizwa kwa ndege, wakafika salama, lakini wakagoma kulia, hivyo wafanyakazi wa posta wakapangwa zamu nyuma ya vichaka walie badala yao. Bi Perpetua ndiye aliyepewa kazi halisi. Alitakiwa kuvunja mabomba, kuacha ukanda wa pande zote mbili za kijito usiguswe na mashine, na kupanda matete kwenye tope likitokea.

Wataalamu walisema maji yatachukua miaka kurudi. Perpetua aliamuru bomba la kwanza lipasuliwe, akarudi nyuma hatua chache, na kabla ya chakula cha mchana maji yalikuwa yameshafika vifundoni. Yalikuja kama mtu aliyekuwa amesimama nyuma ya mlango muda wote akingoja ufunguliwe.

*

Haukupita muda mrefu matete yakawa yamempita mtu kimo, na hakuna aliyekuwa ameyapanda. Kisha magimbi yakachipua. Yalichipua kwa mistari, mstari na mstari, na kati ya mistari nyasi zililala chini kama zinazokanyagwa kila asubuhi. Jioni upepo ukitokea upande ule uliwaletea wacheza gofu harufu ya kuni mbichi na samaki wa kubanika. Mheshimiwa Kumbuti aliliandikia lile shirika la ng'ambo kwamba viumbe hai vyote vimeitikia wito wa serikali.

Perpetua alisimama ukingoni akatazama zile njia, akazitambua. Ile iliyopinda kushoto ilikuwa ya kisimani. Ile nyembamba ilikuwa ya kwa kina Mzee Gendaheka, ambaye mbuzi wake hawakufungwa kamwe. Ya nyumbani kwao hakuiona, matete yalikuwa yameiziba. Alirudi kwake, akapika, akashindwa kula.

Hapa inabidi kueleza mila mbili, maana mambo yote yaliyofuata yalitokana nazo. Mtukufu alikuwa na tabia ya kuwaita watu kwa majina kutoka popote alipo, iwe dirishani, ndani ya gari au hata akiwa bafuni, na mtumishi aliyechelewa kuitika aliharibikiwa. Kwa hiyo watumishi wa nchi ile walifunzwa tangu wiki ya kwanza kazini kuitika kwanza, kutazama baadaye. Kule Mwelela mama walifundisha watoto wao kinyume kabisa. Ukiwa karibu na maji, ukasikia unaitwa na usiyemwona, usiitike. Nyamaza, kaza mwendo, nenda nyumbani.

Wa kwanza kuitwa alikuwa Brigedia mstaafu Tibursi Kahwili, mwenyekiti wa klabu. Vipaza sauti vya kiwanja vilikuwa vimetoka kulitangaza jina lake, na yeye alikuwa ameinua fimbo kwenye shimo la saba, ndipo ilipotoka sauti ya mwanamke ndani ya matete. Ilikuwa sauti ya kukwaruza kidogo, isiyo na hasira.

"Tibursi! Ewe Tibursi!"

"Naam, Mtukufu!" alijibu Brigedia, akatupa fimbo, akaingia majini kwa mwendo wa gwaride. Matete yakafunguka, kisha yakajifunga.

Alitoka jua linaelekea kuzama. Suruali ilikuwa imelowa mpaka mapajani, kofia haipo, na viganja vyake vyote viwili vimejaa malengelenge. Wenzake walimtazama wakahisi baridi, lakini kwa kuwa hakuna mkubwa aliyekuwa ametoa tamko, wakamuuliza kama ameupata mpira.

Perpetua alimkuta barazani, mikono yake ndani ya beseni la maji ya chumvi.

"Pole, Afande."

"Nimetwanga," alisema Brigedia kwa mshangao wa mtoto. "Perpetua, mimi tangu nizaliwe sijawahi kutwanga. Wamenipa mchi, wakaniambia twanga, nami nikatwanga."

"Akina nani?"

"Wenyeji." Aliangaza kulia na kushoto, maana neno hilo lilikuwa limepigwa marufuku. "Wamejaa mle. Wana nyumba zao, wana kuku. Hawakunitukana hata kidogo. Ningefurahi kama wangenitukana."

"Na aliyekuita?"

"Mama mmoja, msuka mikeka. Kanipa kazi, halafu nilipotaka kutoka akanishika mkono." Brigedia aliyatazama maji ya beseni. "Mkono wake wa baridi, Perpetua, wa baridi kweli. Akaniuliza kama nimemwona binti yake. Anasema alimpeleka shule, naye amechelewa kurudi. Anaogopa atarudi akute nyumba haipo, asijue pa kwenda. Anaitwa Chausiku. Wewe unamjua mtu anaitwa Chausiku?"

Mlangoni alikuwa amesimama kijana wa usalama, anasoma gazeti lililogeuzwa juu chini.

"Simjui, Afande," alisema Perpetua.

Alilichukia domo lake mwenyewe. Alishuka ngazi, akarudi kwenye nyasi zake.

*

Baada ya Brigedia wakaitwa wengine. Aliitwa mweka hazina wa klabu, akaitwa jaji, akaitwa mkurugenzi wa redio ya taifa. Kila aliyetangazwa kwenye vipaza sauti aliitwa kutoka kwenye matete, na kila aliyeitwa aliitika, kwa kuwa ndivyo walivyolelewa. Walitoka jioni wamelowa, wengine wamechota maji, wengine wamepalilia, na wote wamekuwa wapole kwa namna iliyowatisha wake zao. Serikali ilitangaza kwamba malengelenge yale yanaitwa Malengelenge ya Maendeleo, na walioyapata wapeane mikono na wasioyapata ili yaenee.

Wote walikuwa wameulizwa swali lile lile. Idara ya Usajili ikaamriwa kumtafuta mtu aitwaye Chausiku wa Mwelela. Ilijibu kuwa hayupo, hakuwahi kuwepo, na kama angekuwepo angekuwa kosa la jinai.

Halafu siku ya kuwavisha vyura nishani, sauti ikamwita Mheshimiwa Kumbuti. Haikupaza. Ilimwita taratibu, jina lake lote na la baba yake, jinsi alivyojitambulisha mwenyewe zamani alipokuwa amesimama juu ya boneti ya gari akiwasomea amri watu ambao hawakuwepo. Mheshimiwa alibadilika rangi. Aliitambua, hilo lilionekana usoni. Lakini mdomo wake ulikuwa umetumikia serikali muda mrefu mno, ukaitika wenyewe, na miguu ikaufuata.

Hakutoka. Kilichotoka ni kofia, ikaelea mpaka kwenye mguu wa Perpetua ikatulia hapo.

Redio ya taifa ilitangaza jioni kwamba Mtukufu amemteua Mheshimiwa Domisiani Kumbuti kuwa Balozi wa Kudumu katika Kinamasi. Familia yake ilipelekewa pongezi. Gari lenye bendera lilisukumwa mpaka ukingoni limngoje, na dereva wake akaagizwa asizime kiyoyozi.

Kesho yake ikatoka amri: marufuku kuitika ndani ya kiwanja. Mtukufu alifika kucheza akamwita dereva wake, dereva akaitii sheria akanyamaza, akapelekwa jela. Aliyechukua nafasi yake aliogopa jela, akaitika upesi, kumbe safari hii aliyeita hakuwa Mtukufu, akashinda kutwa anachota maji. Kamati ikakaa, ikapendekeza pamba. Watumishi wote wakubwa wakaanza kuingia kiwanjani wamejaza pamba masikioni, macho wameyakaza kwenye mdomo wa Mtukufu wasije wakapitwa na agizo.

Mtangazaji wa vipaza sauti, aliyekuwa ametwanga siku mbili mfululizo, aliomba likizo. Kipaza sauti akapewa Perpetua. Utaratibu ulimtaka aanze kwa kujitambulisha, akajitambulisha.

"Anayewatangazia leo ni Bi Perpetua Lugome."

Mchana ule ule, akiwa ukingoni peke yake anapima kina cha maji, sauti ikatoka kwenye matete, karibu kabisa.

"Perpetua! Ewe Perpetua!"

Ilikuwa ya mama yake. Ilimwita kama mtu anavyomwita mpita njia, kwa adabu, bila kumjua. Perpetua alisimama mdomo wazi. Abee moja tu ingetosha. Lakini aliyemfundisha asiitike karibu na maji ni mwenye sauti hiyo hiyo, na mafundisho ya utotoni ni magumu kung'oka. Tena aliogopa. Aliogopa jela, na zaidi ya jela aliogopa kuulizwa, mwanangu, ulikuwa wapi? Angejibu nini? Kwamba alikuwa hapa hapa, anasimamia nyasi zilizopandwa juu yake?

Sauti iliita mara ya pili, na ya tatu, ikachoka. Perpetua alijifungia nyumbani akauma shuka asisikike na majirani.

*

Ikafika siku ya Kombe la Uhuru. Rais wa nchi jirani alialikwa makusudi ili aone. Mkaguzi wa lile shirika la ng'ambo alikuwepo na cheti ndani ya mkoba. Kutoka kwenye jengo la klabu mpaka shimo la saba palitandikwa zulia jekundu, na pale ukingoni kinamasi kilipendeza kwa kweli, maji meusi yametulia, maua meupe, matete yanapumua. Hata bata walikuwepo, wamekuja wenyewe. Waliogelea kwa kundi wakigeuza vichwa kufuata kila anayepita.

Mtukufu aliinua fimbo, akapiga. Wapambe walianza kushangilia kabla mpira haujaruka. Uliruka ukaenda kushoto, ukapotelea katikati ya ukanda wa matete.

Wapambe wakashusha mikono.

"Mashaka!" ikaita sauti. "We Mashaka!"

Watu walitazamana. Hakuna mchezaji aliyetangazwa kwa jina hilo. Wazee wachache tu walikumbuka kwamba ndilo jina alilopewa Mtukufu na mama yake mzazi, kabla vitabu havijaandikwa kwamba alizaliwa akiitwa Mtukufu. Lilikuwa halijatamkwa miaka na miaka.

Yeye, aliyetumia maisha yake kuwaita wenzake, hakuwa na mazoezi ya kuitwa. Midomo ilimcheza. Mkono wake uliinuka kidogo, kama wa mwanafunzi darasani, kisha ukashuka.

"Mashaka, na wewe una mama," ilisema sauti, na sasa ilikuwa imechoka sana. "Niambie basi. Nyinyi wote mnaopita hapa, hakuna hata mmoja aliyemwona mwanangu?"

"Kausheni," alisema Mtukufu kwa sauti ndogo. Halafu akapiga ukelele. "Kausheni! Sasa hivi! Leteni matingatinga!"

Matingatinga yalikuwa nyuma ya jengo la klabu, maana katika nchi ile sherehe haikuandaliwa bila matingatinga. Injini zikanguruma. La kwanza likateremka mteremko, koleo lake likashuka, likang'oa mstari wa mwanzo wa magimbi.

"Mbona ni kinamasi kizuri?" aliuliza rais wa nchi jirani, lakini hakuna aliyemsikia.

Perpetua, aliyekuwa pale akitangaza mchezo, aliyaona magimbi yakipinduka na mizizi juu. Alijua kwamba maji yakishakauka safari hii, hakuna atakayemuulizia tena Chausiku, wala Chausiku hatakuwa na mahali pa kumtafuta mama. Aliinua kipaza sauti.

"Mama," alisema, na neno hilo likatoka kiwanja kizima. "Mama, ni mimi Chausiku. Chausiku binti Magongo, wa Mwelela. Mama, uliniita nikakusikia, sikuitika. Niliogopa. Nisamehe."

Kwa maneno hayo machache alikuwa amevunja Sheria ya Utupu wa Bonde yote, na viambatisho vyake. Vijana wa usalama walipaswa kumkamata papo hapo. Lakini walikuwa na pamba masikioni, wakingoja kuona mdomo wa Mtukufu utasema nini, na mdomo wa Mtukufu ulikuwa wazi bila kusema kitu. Dereva wa tingatinga hakupewa pamba, kwa kuwa hakuwa mtu wa cheo. Alizima injini asikie vizuri.

Matete yakaacha kutikisika.

"Chausiku?"

"Abee, mama."

"Mbona sauti imekuwa nzito hivyo?"

"Nimekua, mama. Sasa nimekuzidi umri."

Bata waliacha kuogelea.

"Umekula lakini?"

"Nimekula, mama."

"Nilikungoja. Walipoingia na magari niliwaambia, subirini kidogo tu baba zangu, mtoto yuko shule, akirudi tutaondoka pamoja. Hawakusubiri."

Perpetua alisogea hatua moja kuelekea majini. "Uko wapi, mama? Nionyeshe ulipolala. Sitaki kingine, hicho tu."

"Vua viatu, utateleza. Pita kwenye magimbi. Hapana, upande wa huku, we mtoto, umesahau kulia kwako? Njoo. Njoo tena." Watu wote walisikia maji yakikatwa na miguu yake, maana alikuwa ameingia na kipaza sauti mkononi. "Hapo. Simama hapo. Uko miguuni kwangu."

Palikuwa nyuma kidogo ya shimo la saba, mahali alipokuwa amepita maelfu ya asubuhi na mashine zake.

Alipiga magoti, maji yakamfika kifuani. Kisha akaachia kilio, kile alichokibana tangu utotoni. "Mama yangu weee! Mama yangu mimi!" Vipaza sauti vikakichukua vikakipeleka mpaka ukuta wa Ikulu, na ng'ambo ya uzio, mpaka sokoni.

Sauti ya Siwema haikusikika tena baada ya hapo. Ilikuwa imepata ilichokuwa ikikitafuta.

Wa kwanza kufika walikuwa wapishi wa klabu. Walitoka jikoni mbio, wanajifunga khanga njiani, jinsi wanawake wanavyotoka popote wakisikia kilio cha namna ile, bila kuuliza kibali. Brigedia Kahwili akaketi chini kwenye nyasi, upande wa wanaume. Dereva wa tingatinga akaja akakaa naye. Mmoja mmoja, waheshimiwa wakaanza kuchomoa pamba, na walipozichomoa wakasikia kwamba kinamasi kizima kinauliza sasa, sauti za wazee na za watoto, kila moja na jina lake. Na wewe, umemwona Mwajabu wangu? Nani kamwona Gendaheka mdogo? Mweka hazina wa klabu, ambaye kadi yake ilisema alizaliwa mjini, akasimama huku machozi yanamtoka. "Naam, babu," akasema.

Rais wa nchi jirani alimuuliza mkalimani wake kilichotokea. Alipoelezwa alivua viatu, akakaa chini, akafunika uso. "Bata wangu pia walikuja wenyewe," alisema, na mkalimani hakulitafsiri hilo.

Mtukufu alibaki amesimama. Aliita jina la mkuu wa usalama, akaita la mnikulu, akaita la mpiga ngoma. Watu walikuwa na msiba.

Wale wapishi waliona waombolezaji wanazidi, nyasi zimelowa, na hakuna pa kukalisha wazee. Wakaenda kulivuta lile zulia jekundu walilete karibu na maji. Lilikataa kuja. Mpishi mmoja, mama mnene aliyeloa jasho, aliinuka kutazama limenasa wapi, akaona viatu vya mtu vimelikanyaga. Hakuinua macho kuona ni vya nani.

"Baba," alisema, "kama hukai, sogea basi. Watu wanataka kukaa."

Mtukufu akasogea.